Amana ya Kampuni ya Korongo

Nimewekwa eda. Mwanamke wa umri wangu, ambaye magoti yake yanalia kuliko mlango wa choo, nimekaa chumbani na nguo zisizo na pambo, sijitii manukato, sitoki ila kwa dharura, kwa ajili ya mume ambaye sikumtia machoni kwa miaka sitini na kitu. Simu ilipigwa kutoka Mombasa Jumamosi asubuhi, tunakunywa chai. Nasra, mjukuu wa ndugu yangu ninayekaa naye, aliiweka mezani ili sote tusikie. Sauti ya mtu mzima ikasema, “Mama mkubwa, shikamoo.” Nikamwuliza mama mkubwa wa nani, maana mimi sina mtoto wala sikupata kuwa na mke mwenza. Akasema, “Mimi ni Kombo, mwana wa Hamadi. Babangu ametutoka jana, na tumeshamzika. Aliacha neno tukutafute, umwie radhi. Na alisema tukwambie kwamba hakukupa talaka.” Chai ikanipalia. Nasra akanipiga mgongo huku akicheka, akidhani ni utapeli wa simu.

Haukuwa utapeli. Shehe wa msikiti wetu alikuja jioni, akakaa barazani, akaniambia kwa upole kupitia dirishani, “Bi Siti, madhali hakukuacha, wewe ni mjane, na eda inakuhusu.” Sasa majirani wananiletea uji na ndizi, na wakishatoka nasikia wanavyochekea kwenye kanga zao. Wengine wananiuliza kwa nini sikwenda kwa kadhi zamani nikavunjiwa ndoa, kama walivyofanya wenzangu walioachwa kwenye mataa. Wenzangu walikwenda, wakaolewa tena, wakazaa. Mimi kila nilipovaa buibui nikafika njiani nilirudi, kwa sababu nilikuwa naona haya kusimama mbele ya kadhi na kumwambia kwamba nimesahauliwa. Basi nikasomesha watoto wa watu mpaka nikastaafu. Hamadi nilimwia radhi palepale kwenye simu, kwa sauti, na mwanawe akalia. Nisiyeweza kumwia radhi ni Mzungu mmoja ambaye hata jina lake la kweli silijui, kwa ajili ya maneno machache aliyoyasema akila yai.

Mwaka ninaoukumbuka ulianza na harusi yangu, msimu wa karafuu, miezi michache kabla ya Mapinduzi. Nilitolewa Mtambile nikapelekwa Wete, kisiwani Pemba, na nyumba niliyopelekwa haikuwa nyumba, bali vyumba viwili vya bati nyuma ya ghala la kampuni ya Kiingereza. Kampuni ilikuwa na jina refu lililoandikwa juu ya mlango wa mbele, lakini magunia yake yalipigwa chapa ya ndege mwenye shingo ndefu, basi watu wote wakiiita Kampuni ya Korongo. Chini ghala, juu ofisi na makazi ya meneja, nyuma sisi. Baba mkwe wangu, Mzee Kombo, alikuwa mnyapara wa ghala: yeye ndiye afunguaye asubuhi na afungaye jioni, na funguo alizifunga kiunoni kwa ukanda wa ngozi, juu ya shuka, akalala nazo. Mama mkwe, Bi Mize, aliniambia wiki ya kwanza kwamba yeye ni mke wa pili, wa kwanza ni zile funguo. Mume wangu Hamadi alishona midomo ya magunia kwa sindano kubwa, na viganja vyake vilikuwa vigumu hata nilipomshika mkono nilihisi nimeshika gome. Kila kitu kilinuka karafuu. Wali ulinuka karafuu, mto ulinuka karafuu, mume alinuka karafuu. Kwa miezi ya mwanzo nilipiga chafya mpaka Bi Mize akanitania kwamba kampuni itaniajiri nifukuze paka. Nilikuwa na furaha. Naliandika neno hilo kwa sababu watu wakinitazama leo hawadhani kama niliwahi kuwa nayo.

Ukuta kati ya chumba chetu na cha wakwe ulikuwa wa mbao, na mbao hazikukutana vizuri, kwa hiyo nilimjua Mzee Kombo kwa kumsikia zaidi kuliko kwa kumwona. Alikuwa na mazungumzo mamoja tu, nayo ni kampuni. Alimweleza mkewe meli gani imekuja kuchukua mzigo, shamba gani limetoa karafuu safi, bwana amesema nini. Na kwake kampuni ile ilikuwa na heshima isiyokuwa ya duka. Mhindi mwenye duka, alisema, anauza chake. Mwarabu mwenye shamba anachuma chake. Lakini Korongo haina chake, inaangalia vya watu. Na ilikuwa kweli kwa namna yake. Ile mikarafuu iliyoanzia nyuma ya vyumba vyetu na kupanda kilima haikuwa ya kampuni, ilikuwa ya watu huko Ulaya ambao hawakupata kuiona. Kampuni iliiendesha kwa niaba yao, ikachuma, ikaanika, ikauza, ikakata chake. Meli hazikuwa zake, ilikuwa wakala wa meli. Bima haikuwa yake, mafuta ya taa hayakuwa yake, hata kitambaa cha bafta kilichouzwa pale hakikuwa chake. “Watu wa amana hawa,” Mzee Kombo alikuwa akimwambia mkewe, nami nikiwa upande wa pili nachambua mchele. “Mtu kakuachia mali yake na bahari iko kati, na weye unailinda. Kazi hiyo si ya kila mtu.” Bi Mize akamjibu, “Na wanavokata chao wanalinda vilevile?” Mzee akatoka, nikasikia funguo zikilia. Alikuwa hapendi mzaha juu ya kampuni.

Mapinduzi yalipokuja mpishi wa meneja alirudi kwao Unguja hakuonekana tena, na mimi na Bi Mize tukawa tunampikia yule bwana. Sisi tukimwita Bwana Miwani. Hakuwa mtu mbaya. Hakupiga mtu, hakutukana, alisema “asante” hata ukimpa maji. Alikuwa mtu ambaye macho yake yanakupita, kama unavyotazama dirisha ukiangalia kilicho nje. Asubuhi aliyoondoka nilimpandishia mkate wa boflo uliochomwa, na yai la kuchemsha ndani ya kikombe chake kidogo. Masanduku yalikuwa mlangoni tayari. Mzee Kombo aliitwa, akapanda ngazi amevaa kanzu safi na kofia ya viua, kama anayekwenda kuswali Idi. Bwana Miwani alikuwa akikwangua yai kwa kijiko. Akasema, bila kuinua kichwa, “Kombo, angalia hii vitu mpaka sisi rudi.” Kisha akanigeukia mimi: “Lete chumvi.” Mzee Kombo akaweka mkono kifuani. Akasema, “Amana yako i salama, bwana. Mungu ndiye shahidi.” Bwana Miwani akatazama saa. Nilikuwa nimesimama kati yao na chumvi mkononi, na nakwambia, maneno yale mawili yalitoka kwa sauti moja. Alivyoagiza vitu viangaliwe ndivyo alivyoagiza chumvi.

Sasa najua mengine ambayo sikuyajua siku ile. Miaka kadhaa nyuma alikuja kijana wa Kiingereza anaandika kitabu cha historia ya kampuni ile, akaelekezwa kwangu kwa kuwa wengine wote waliobaki huku wamekufa. Alikaa kwenye mkeka, akala mchuzi wa chukuchuku wa samaki changu na ndizi, akatokwa jasho, na Nasra akatufasiria. Alijua mambo mengi. Alinieleza jinsi ilivyoanza na Mwingereza mmoja aliyekuja kuuza nguo na kununua karafuu, ikawa na ofisi kila bandari mpaka Uarabuni, jinsi watu wa London walivyoikabidhi mashamba yao, na jinsi ilivyokula vizuri kwa mgongo wa mali ya wengine. Kisha akasema kwamba wakati meneja anaondoka Wete, kampuni ilikuwa imeshauzwa kwa kampuni nyingine kubwa, na walionunua hawakuitaka Pemba. Walitaka Mombasa na Aden. Ya Wete walikuwa wameshayatoa kwenye hesabu zao. Nikamwuliza, “Meneja alikuwa anajua?” Akasema ndiyo, lazima alijua. Nikamwuliza, “Sasa aliposema watarudi, alikusudia nani arudi?” Nasra akamfasiria. Kijana akatabasamu kwa haya, akasema huenda ilikuwa adabu tu ya kuagana. Nilitaka kumnyang'anya sahani yangu.

Mzee Kombo alianza ulinzi wake siku ileile. Ndani ya ghala kulibaki mizani, maturubali, magunia mapya, madebe ya mafuta ya taa na majora ya bafta, na juu kulibaki vitanda vya chuma, sahani na mashine ya kuandikia. Mshahara haukuja tena, lakini kila asubuhi alifungua, akafagia, akageuza magunia yasipate unyevu, akafunga. Mwaka ule mafuta ya taa yaliadimika madukani. Tulikula futari ya Ramadhani kwa mwanga wa makumbi ya nazi, tukipapasa sinia, na ukuta wa nyuma yetu ulikuwa umeegemewa na madebe yaliyojaa. Hamadi alisema siku moja, kwa utani, kwamba koroboi moja tu haitamfilisi Malkia. Baba yake akaacha tonge mkononi. “Vya watu,” akasema. Masika yalipoingia bati likavuja juu ya kitanda cha Bi Mize, ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, na yeye mwenyewe akamwomba mumewe turubali moja, la zamani, lililotoboka. “Nkilitandika likachanika zaidi, ntamwambia nni bwana?” Mzee Kombo akamjibu. “Amana ukiitumia imekwisha kuwa hiana, hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua.” Bi Mize akahamisha kitanda. Bati likavuja na huko pia. Katika dini yetu alikuwa na haki kila neno, na hapo ndipo pagumu, kwa sababu huwezi kugombana na mtu aliye na haki. Kosa lake lilikuwa moja, kuamini kwamba aliyempa amana alijua kwamba ameitoa.

Hamadi nilimweleza habari ya yai na chumvi. Alicheka kwanza, halafu akaenda kumwambia baba yake. Nilisikia kupitia mbao. “Baba, mke wangu alikuwapo. Yule bwana hakukuachia kitu. Kasema tu.” Mzee Kombo akajibu, “Mkeo alikuwa anashughulika na sahani. Mie nlikuwa nashughulika na mtu.” Basi neno langu likaishia hapo.

Kisha zikaja habari za ardhi. Mashamba yaliyotaifishwa yatakatwa, kila familia ipewe eka tatu, na mikarafuu iliyomo. Nyinyi mliozaliwa baadaye mnalisikia neno eka tatu kama habari ya darasani. Kwetu lilikuwa ni kula na kulala. Watu ambao vizazi na vizazi walichuma miti ya wengine kwa ujira wa kila pishi ya karafuu waliambiwa chagueni. Mjumbe wa kamati aliyekuja kwetu alikuwa Faki, aliyecheza na Hamadi utotoni, na alikuja kwa mapenzi. Alikaa kwenye jamvi, tukampa kahawa na muhogo wa kukaanga, akaeleza kwamba kile kilima cha nyuma kitagawiwa, na wakaao hapo ndio wa kwanza. “Mzee wangu,” akasema, “mie nshaweka jina la Hamadi kichwani mwangu. Sehemu ya juu, pale penye kisima, miti mikubwa. Unachotakiwa ni kuja afisini Alhamisi, weye ukiwa mkuu wa nyumba, useme naam, ukabidhi funguo. Basi.” Hamadi, aliyekaa kando yangu, aligeuka kunitazama. Tulikuwa tumeshakwenda pale kisimani mara nyingi, tukapima kwa hatua pa kujenga, wapi jiko, wapi choo, mlango utazame wapi. Mzee Kombo alimsikiliza Faki mpaka mwisho, akamshukuru, akamwombea dua. Kisha akasema, “Lakini mwanangu, vino si vyangu nkaweza kuvitoa, wala si vyako ukaweza kunipa.” Faki akasema serikali ndiyo mwenyewe sasa. Mzee akasema, “Basi serikali nayo imfuate mwenye mali ikanunue. Mie kaniachia mtu.” Faki akanitazama mimi, sijui kwa nini mimi. Akanywa kahawa yake akaondoka.

Siku zilizofuata ndizo nilizosikia mambo ambayo mke hapaswi kuyasikia. Hamadi alimbembeleza baba yake. Mtu mzima, ana mke, alimbembeleza kama mtoto anayetaka kwenda mchezo wa ng'ombe. “Baba, nakuomba. Sikwambii uvunje kufuli. Njoo useme naam tu, dhambi nibebe mie.” Na baba yake akasema, “Dhambi haipokezwi kama gunia.” Hamadi akasema, “Basi na mie utanikosa.” Bi Mize akaanza kulia. Mzee Kombo akasema polepole, na sauti yake haikuwa ya ukali, “Mwanangu, mtu akirudi akakuta mali yake imegawiwa, na mie nko hai, ntamtazama kwa uso gani?” Niliuma kanga nisipige kelele. Nilitaka kupasua zile mbao nimwambie kwamba yule mtu hatarudi, kwamba hata uso wako hakuutazama alipokuwa hapa. Sikufanya hivyo, na ningefanya ingekuwa kazi bure, kwa kuwa alikwisha kuambiwa. Alhamisi ilikuja ikapita. Mzee Kombo aliamka, akafagia ghala, akageuza magunia. Kilima kilikatwa, na sehemu ya kisimani akapewa mtu wa Micheweni mwenye watoto wengi, mtu mwema, ambaye baadaye alikuwa akituletea ndizi.

Hamadi aliondoka kwa bahari, upande wa Msuka, kwenda Mombasa, kama walivyoondoka wengi wakati ule, bila ruhusa. Aliniambia adhuhuri, nikiwa nakuna nazi. Alisema hawezi kushona tena magunia ya korongo aliyekwisha kuruka, wala kumtazama baba yake akifagia. Akaniuliza kama nitakwenda naye. Miguu ya Bi Mize ilikuwa imevimba hawezi kusimama, na hakukuwa na mwanamke mwingine pale. Nikamwambia, “Tangulia, uniite.” Akasema, “Nkifika tu.” Aliendelea kusimama mlangoni, akaomba kipande cha nazi, nikampa, akaondoka akitafuna. Hakuniita. Mwanzoni nilisema amepatwa na jambo baharini, na nikamlilia kama maiti. Baadaye watu waliotoka Mombasa wakasema wamemwona, mara sokoni, mara bandarini, na nikaacha kulia. Hiyo ndiyo bahari iliyokuwa kati yetu: ukisimama Msuka usiku usio na ukungu unaona taa za ng'ambo, unadhani ukinyoosha mkono utazigusa.

Baba mkwe hakumtaja tena. Tulikula watatu, kisha wawili na sahani ya Bi Mize kitandani. Msimu wa karafuu ukarudi, na kwa mara ya kwanza hakuna gunia lililoingia ghala lile. Kisha asubuhi moja ikaja lori ya serikali, na afisa ambaye hatumjui, na watu wenye nyundo. Mzee Kombo alitoka kwa haraka na ukanda wake kiunoni, akasimama mbele ya mlango, akaanza kuwaeleza. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji wa Bi Mize. Afisa hakumtukana. Alimshika bega, akamsogeza kando taratibu kama unavyosogeza kiti, na mtu mwenye nyundo akapiga kufuli mara mbili tatu likaanguka. Mzee Kombo alikuwa ameshazifungua funguo kiunoni, amezishika mkononi, labda awape ili wasivunje. Sijui, na hakuna aliyezitazama. Walitoa majora, madebe, mizani na vitanda. Magunia mengine yalikuwa yameliwa na panya chini, licha ya kugeuzwa kote kule. Vitu vya miaka yote ile havikujaza lori. Afisa akaniambia mimi, kwa kuwa mzee alikuwa haitiki, kwamba vyumba vya nyuma vinatakiwa, na tuwe tumehama kabla ya Ijumaa.

Alikaa barazani mpaka jua likawa la utosi. Nilipika wali na mchuzi wa papa, nikatandika mkeka, nikamwita, nikadhani hatakuja. Alikuja. Akanawa, akakaa, akasema bismillahi, akala tonge mbili. Uso wake ulikuwa mwepesi, sijapata kumwona vile tangu niolewe. Akaniambia, “Siti, mwandikie Hamadi arudi. Mwambie hapano sasa hapana cha mtu. Mwambie Alhamisi ntakwenda naye afisini, ntasema naam.”

Sikuwa najua Hamadi yuko wapi. Kilima kilikuwa kimekwisha kugawiwa, na wenyewe wameshajenga.

“Haya, baba,” nikamwambia. Nikamwongezea mchuzi.